Haki ya Jirani

Mlango wa ukutani ulipigiliwa misumari kabla Ghalia hajazaliwa, na sababu yake ilikuwa kondoo.

Watu wa Ibra, huko Omani, wanaoikumbuka hadithi hiyo huisimulia wakicheka, lakini marehemu babu yake Ghalia hakuicheka hata siku moja. Alirudi kutoka Unguja angali kijana, akanunua shamba la mitende kando ya mfereji wa falaji, akafuga kondoo weusi wa asili safi, na nasaba yao akaihifadhi kichwani kama ya watu: Dahma binti Sahma binti Najma, mpaka kwa bibi wa bibi. Siku moja dume la jirani, dume la hivi hivi tu lisilo na ukoo, likapenya mlango uliounganisha mashamba mawili, likalala ugenini. Ulipofika wakati wake akazaliwa mwanakondoo mwenye madoadoa. Babu akaleta nyundo na misumari. Jirani, Mpemba mwenye kiburi chake vile vile, akasema hata yeye mlango huo hauhitaji. Tangu hapo wazee wale wakamwagilia mitende yao kwa maji ya mfereji mmoja bila kuamkiana, mpaka mauti yakawachukua wote wawili.

Babu alikuwa ameamuru mwanakondoo yule achinjwe. Bibi Tamima, mkewe, akamficha uani nyuma ya jiko, na huko uani kizazi chake kikaendelea. Wa sasa aliitwa Madoa.

Mbao za mlango nazo zilisinyaa kwa jua la miaka, zikaacha ufa wa upana wa vidole viwili. Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, lakini wahenga hawakuuona ufa ule. Mjukuu wa upande huu na mjukuu wa upande wa pili walipendana hapo, maneno yakipita na kurudi, na kwa kuwa ufa haukuruhusu zaidi, Ghalia alimjua Laith jicho moja moja. Leo la kulia, kesho la kushoto. Yote mawili aliyaona siku alipokuja na wazee wake kuposa, na siku hiyo baba yake Ghalia alimtazama kijana wa watu kutoka kofia mpaka viatu, akasema mbele ya kahawa, "Huyu si mchumba. Huyu ni mnunuzi. Anaoa binti apate shamba."

Hayo yalikuwa kabla ya mavuno ya tende yaliyopita. Sasa ilikuwa Januari, Jumamosi, na shamba lenyewe lilikuwa linauzwa.

Jua lilikuwa halijapanda juu ya mitende Ghalia aliposimama mbele ya ufa, kitumbua cha moto mkononi ndani ya karatasi.

"Umelala?" Laith aliuliza kutoka upande wa pili. Jicho la kulia. Alikuwa ameendesha gari kutoka Sur jana, kazini kwake, na sauti ilikuwa na uchovu.

"Nani alale? Bibi kaniamsha na giza tupike vitumbua. Watu wanakuja kununua shamba lake, na yeye anawapikia!"

"Hajasema kitu?"

"Bibi? Baba kamwambia, 'Mama, tunauza, utakuja kukaa nami Maskati, ghorofa ya nne, kuna lifti.' Kasema, 'Haya, fanyeni mtakavyo.' Basi. Lakini jana nimemkuta kaukumbatia ule mbasali wa pembeni, Laith. Mtende alioupanda kwa mkono wake. Kaukumbatia kama mtu." Akausogeza uso ufani. "Nisikilize. Dalali akishafikia bei, atauliza kama jirani yupo. Nataka useme."

Jicho lilitoweka ufani. Likarudi.

"Unajua unaniomba nini?"

"Najua. Shufaa. Mnatumia mfereji mmoja na sisi, kwa hiyo una haki ya kulichukua shamba kwa bei ile ile aliyofikia mnunuzi. Lakini useme pale pale. Ukinyamaza, haki imekwenda."

"Na nikisema?"

"Utalichukua. Mamako hajaacha kuliwekea akiba, wewe mwenyewe umenambia. Bibi atabaki chini ya mitende yake. Nyinyi hamtamtoa."

"Ghalia." Alilitamka jina lile polepole. "Nikifungua mdomo wangu leo, babako, ami Saud, atasimama mbele ya watu wote aseme, 'Si niliwaambia?' Na hapo hata nirudi na wazee wa Ibra nzima, wewe sikupati tena. Maisha."

"Najua."

"Unajua, na unaniomba?"

Ghalia aliegemeza paji la uso kwenye ubao. Alimpenda mtu huyu kiasi kwamba mbao zenyewe alizipenda, na alikuwa anamwomba ampoteze. Lakini bila ya Laith kulikuwa na Khattab wa Al Mintirib, mwenye kambi za watalii kule mchangani, na Khattab alishapita na mpimaji wake akionyesha kwa kidole: bwawa la kuogelea hapa, maegesho ya magari pale. Pale ndipo ulipokuwa mbasali wa Bibi.

"Mimi ningali kijana," alisema. "Bibi hana shamba jingine la kuzeekea. Nakuomba, Laith."

Maji ya falaji yalipita chini yao kwenda upande wa kwao Laith, kama yalivyopita siku zote.

"Umeleta nini?" aliuliza mwishowe.

"Kitumbua."

"Nipe basi."

"Kwanza unijibu."

"Wallahi nina njaa, Ghalia."

Akacheka na machozi yakimtoka, akakipenyeza kitumbua ufani. Kilikuwa kinene kuliko ufa. Kikakatika, nusu ikaanguka majini, nusu ikafika vipande vipande. Alimsikia Laith akila makombo yale upande wa pili. Jibu hakumpa.

*

Mnada ulianza na kondoo. Wanunuzi walikaa mistari miwili juu ya magogo ya mitende, wamevaa dishdasha nyeupe, fimbo magotini, na Nadhir dalali akawazungusha wanyama katikati kwa kamba, akitembea mbio mbio, akiinadi bei ya mwisho mpaka mtu aipandishe kwa neno au kwa kidole. Wanawake walikaa barazani. Bibi Tamima alikuwa kwenye kiti chake cha siku zote, leso ya Unguja chini ya buibui, na Ghalia ubavuni pake.

Baba yake, Bwana Saud, alisimama karibu na dalali. Alikuwa mtu wa wizarani, mwenye kalamu mbili mfukoni, na hakuna aliyemjua kuwa na upole mwingi. Lakini kila kondoo mweusi alipotolewa, alimtajia nasaba yake kwa moyo, kama alivyofundishwa utotoni. Alipofika kwa Dahma wa sasa akakatisha, akajifanya anakohoa. Ghalia akamhurumia. Kumbe naye kulikuwa na kitu kinamuuma, ila hakuwa na ufa wa kukisemea.

Kondoo wote weusi walichukuliwa na mzee mmoja wa Sinaw, kwa bei nzuri. Akabaki mmoja.

"Na huyu?" Nadhir aliuliza, kamba mkononi. Madoa alisimama katikati ya uwanja akitafuna, mweupe hapa, mweusi pale, sikio moja la kahawia.

"Huyu hana nasaba," Bwana Saud alisema. "Mpe atakayemtaka."

Watu wakacheka. Nadhir akamzungusha mara moja, mara ya pili. Hakuna kidole kilichoinuka.

"Mie namtaka."

Ghalia aliinua uso. Laith alikuwa amesimama mwisho wa mstari, chini ya ukuta wa kwao.

"Kwa kiasi gani, bwana?"

"Kwa bei ya Dahma."

Kicheko kikakatika. Mzee wa Sinaw aligeuka kumtazama kama mtu aliyepatwa na homa. Bwana Saud alikunja uso. "Unatufanyia mzaha?"

"Hasha, ami. Umesema hana nasaba. Mie naijua nasaba yake." Laith alikuwa na adabu kamili, mkono kifuani. "Babu yake wa kwetu, bibi yake wa kwenu. Sijaona kondoo mwenye ukoo mzuri zaidi hapa."

Hapo hata walioshika fimbo kwa heshima zao waliangua kicheko. Bibi Tamima alijifunika leso mdomoni, mabega yakitikisika. Bwana Saud peke yake hakucheka, ingawa Ghalia, aliyemjua baba yake, aliona masharubu yake yakitaka kumsaliti. Madoa alifungwa kwenye mtende ulio karibu na Laith, na Ghalia akawa hajui acheke au alie, maana mtu huyu alikuwa anazidi kupendeka siku ile ile ambayo angemkosa.

Kisha likaja shamba.

Mnada wa shamba haukuchukua muda. Watu wa Ibra walipandisha kidogo kidogo kwa haya, Khattab akapandisha kwa hatua ndefu, mmoja mmoja wakainama na kunyamaza. Nadhir alitangaza bei ya Khattab mara tatu, kisha, kama desturi, akageukia ukuta.

"Mfereji huu una jirani. Jirani yupo?"

"Nipo," Laith alisema.

Uwanja wote ukamgeukia. Bwana Saud alikunja mikono na kusubiri, usoni ana ile raha chungu ya mtu anayekaribia kuhakikishiwa ubaya alioutabiri.

"Umeisikia bei?"

"Nimeisikia."

"Una haki ya shufaa. Unasemaje?"

Laith hakumtazama dalali. Alimtazama Ghalia, kwa macho yote mawili, mbele ya watu, na Ghalia akaitikia kwa kichwa polepole: sema, sema, nakuomba sema.

"Haki yangu nimeiacha," Laith alisema. "Sina neno."

Mungu amsamehe Ghalia, kitu cha kwanza alichohisi kilikuwa furaha. Kanitaka mimi. Furaha ile haikumaliza hata pumzi moja, ikafuatwa na aibu, na nyuma ya aibu ikaja hasira. Alimtazama Bibi, mikono yake iliyokunjamana imetulia juu ya fimbo, akaona jinsi walivyomuuza yeye pamoja na mitende yake, baba kwa amri na Laith kwa kuiacha haki, na hata yeye mwenyewe kwa ile pumzi moja ya furaha.

"Basi, kwa baraka ya Mungu," Nadhir alianza, akimnyooshea mkono Khattab, "shamba lime..."

"Ngoja kwanza, mwanangu."

Sauti haikuwa kubwa. Bibi Tamima alikuwa ameshainuka. Aliteremka ngazi ya baraza, fimbo mbele, Ghalia akimkimbilia kumshika mkono, na wanaume wote wakasimama kutoka kwenye magogo yao kwa heshima.

"Mama, kuna nini?" Bwana Saud aliuliza. "Rudi ukae, jua kali."

"Jua la Januari hilo, halijaniua mpaka leo. Dalali, hebu nambie. Umeuza nini hapa?"

"Shamba la marehemu, mama. La warithi wake."

"Na mie si mrithi?"

Nadhir aliushusha mkono aliokuwa amemnyooshea Khattab.

"Mjane ana thumni yake, fungu moja katika nane," Bibi Tamima alisema. "Hiyo kaniwekea Mwenyezi Mungu, si Saud wala Turkiya dada yake. Wao wameuza ya kwao, halali yao. Yangu mie sijauza. Kwa hivyo mie ni mshirika katika shamba hili, si jirani. Na mshirika yuko mbele ya jirani. Ni hivyo, au nshazeeka nimesahau?"

"Ni hivyo, mama," Nadhir alisema, na tabasamu likaanza kumpanda.

"Basi nyote mashahidi. Mafungu waliyouza wanangu nimeyachukua kwa shufaa, kwa bei ya bwana huyu." Akamgeukia Khattab kwa upole kabisa. "Uniwie radhi, baba. Kaa unywe kahawa, kuna vitumbua."

Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo huu uliwafanya hata ndege wa mitendeni wahame. Khattab, ambaye baada ya yote alikuwa mtu aliyelelewa, aliinamisha kichwa akakaa kunywa kahawa. Bwana Saud alimsogelea mama yake.

"Mama, utalipa na nini?"

"Dhahabu yangu ya Unguja iko sandukuni inangoja nini, nizikwe nayo? Turkiya atapata fungu lake humo. La kwako utanidai. Nataka nikuone unavyokuja kumdai mamako."

Watu waligeuza nyuso wasionekane wanacheka. Bwana Saud aliona haya, na haya ikamrudisha kuwa mdogo.

"Kwa nini hukusema, mama? Tangu siku ile. Ungesema tu hutaki."

"Hamkuniuliza, mwanangu. Mlikuja mkanambia."

Neno hilo lilimwingia. Akauliza kwa sauti ya chini, "Na haya ya thumni na mshirika, nani kakufunza? Maana wewe hukuyajua jana."

"Jana alaasiri kaja mtu akanikuta chini ya mbasali wangu," Bibi Tamima alisema. "Kanikuta nalia, nisikufiche. Kakaa nami mchangani, akanieleza haki yangu neno kwa neno, mpaka nikaishika. Nikamwambia, 'Na weye je? Mie nikisema, yako inakwenda. Na mamako analitaka shamba hili tangu siku hizo.' Akanambia, 'Mama nimeshasema naye, karidhia. Bibi, lichukue. Nikilichukua mie, ami Saud atasema nilikuja kwa ajili ya shamba.'" Akaelekeza fimbo yake ukutani. "Ndiye huyo. Mnunuzi wako."

Ghalia aligeuka. Laith alikuwa amejiinamia, anamkuna Madoa nyuma ya sikio la kahawia.

"Ulijua!" Ghalia alisahau watu, akasahau na baba. "Asubuhi yote nimekulilia pale, nawe ulijua!"

"Bibi aliniapisha nisikwambie."

"Ndiyo, nilimwapisha," Bibi Tamima alisema. "Weye uso wako kioo. Babako angekusoma kabla ya chai, akauahirisha mnada, akanipeleka kwenye lifti yake."

Bwana Saud alitembea mpaka mwisho wa mstari. Wote waliokuwepo walijikuta wana shughuli kubwa na kahawa zao, na masikio yao yote yako kule.

"Ungekuja kunambia mwenyewe," alimwambia Laith. "Kuwa mama ana haki hiyo."

"Ungeniamini, ami?"

Bwana Saud alifikiri. Alikuwa mgumu, lakini mwongo hakuwa.

"La," alisema.

Madoa alichoshwa na mazungumzo. Alivuta kamba yake, fundo la Laith likalegea, akaondoka zake moja kwa moja mpaka kwenye mlango wa ukutani, akasimama pua ufani na kulia. Nyumbani kwake kupya kulikuwa upande wa pili, na hakuona kwa nini azungushwe barabarani.

Bwana Saud alimtazama kondoo. Akatazama misumari, imekula kutu, mingine imepinda, yote ya mkono wa baba yake.

"Nani ana nyundo?" aliuliza.

Nyundo ilipatikana. Akaukunja mkono wa dishdasha yake, yeye mtu wa wizarani, akauweka ukucha wa nyundo chini ya msumari wa kwanza na kuvuta. Haukutoka. Akavuta tena, shingo imemtutumka. Laith alisogea bila ya kuambiwa, akashika mpini chini ya mkono wake, wakavuta pamoja, na msumari ukatoka kwa kelele iliyomkimbiza Madoa nyuma ya mtende.

Walivuta misumari bila kusemezana. Ghalia alisimama na Bibi, akiitazama migongo ile miwili inayoinama na kuinuka, na aliipenda yote miwili, na hakuthubutu kutia neno asije akaharibu. Wa mwisho ulipotoka, Bwana Saud aliusukuma mlango kwa bega. Ukalalamika, ukafunguka. Upande wa pili kulikuwa na mitende kama ya huku, na mama yake Laith alikuwa kasimama uani na beseni la nguo, mdomo wazi.

"Shikamoo, dada," Bwana Saud alimwamkia. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake.

"Marahaba," mama yule alijibu, kwa sauti ya mtu anayeota.

Bwana Saud alijifuta mikono. Alipomgeukia Laith alikuwa anatazama mahali fulani juu ya bega la kijana, kama wanavyofanya wanaume wa aina yake jambo likiwa zito.

"Mwambie mamako, Alhamisi baada ya alaasiri tuko nyumbani. Aje na wazee wake. Tunywe kahawa."

Kila aliyekuwa pale alijua ni kahawa gani hiyo. Laith aliinama akaubusu mkono wa baba mkwe kabla mkono haujakimbizwa.

"Na wapite hapa hapa mlangoni," Bibi Tamima alisema. "Wasizunguke barabarani kama wageni."

Ghalia alikuwa hajasogea. Laith naye alikuwa kasimama kizingitini, kamba ya Madoa mkononi, mtu mzima mzima, na kati yao hapakuwa na ubao. Waliozoea kuongea kwenye ufa sasa hawakupata la kusema.

"Ghalia," Bibi Tamima aliita, akipanda ngazi ya baraza taratibu, hata bila kugeuka. "Vitumbua vimebaki?"

"Vimebaki, Bibi."

"Basi mpelekee mwenzio, na safari hii kizima. Asubuhi ulimpa makombo."